Hoteli Niliyoichagua kwa Mashuka Yake

Hoteli mimi ninazijua kwa upande wa nyuma. Nilifanya usafi katika hoteli moja ya katikati ya Stockholm miaka kumi na minne, nikisukuma kigari cha taulo na sabuni kwenye korido ndefu yenye zulia, na katika miaka yote hiyo sikulala hotelini hata usiku mmoja. Nilikuwa naingia kwa mlango wa takataka na kutoka kwa mlango huohuo. Lakini chumba nakijua. Nikiingia tu naweza kukwambia aliyelala humo alikuwa mtu wa namna gani, na aliyekisafisha kabla yangu alikuwa na haraka ama alikuwa na moyo.

Kwa hiyo siku niliyowaambia watu wa nyumbani kwamba nataka kwenda kulala hotelini Italia, mjukuu wangu, anayeniita Koko kwa maana ya bibi, alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Koko! Wewe? Hotelini?"

"Mimi. Na nitaacha kitanda bila kutandika, mwone."

Uongo huo. Nilijua kabisa nitatandika.

Sababu ya safari ilikuwa barua. Ilikuja wakati theluji imeanza kuwa matope, hapa kwetu Hallunda, pembeni mwa Stockholm, na stempu yake ilikuwa ya Italia. Ndani yake sista mmoja kijana aliandika kwa Kifaransa, mjukuu akanisomea polepole. Alisema yuko katika nyumba ya masista wazee, katika mji mdogo wa zamani uliozungushiwa ukuta, na kwamba anamtunza yule sista wetu. Wetu, maana alikuwa mkunga katika maternite, zahanati ya uzazi, ya kwetu kule Kongo, kando ya ziwa, miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa mfuaji wake. Yeye alizalisha, mimi nikafua. Watoto wangu wote wanne walipita katika mikono yake.

Barua ilisema sasa ana miaka zaidi ya tisini, miguu bado inamtii lakini kumbukumbu inamtoka. Kila siku baada ya chakula cha mchana anakaa dirishani na kuanza kuuliza. Yule aliyetanguliza miguu, aliitwa nani? Wale mapacha ambao mama yao alikuwa anaimba, mmoja alikuwa na alama shingoni, waliitwa nani? Anauliza mpaka analia. Na katika nyumba ile hakuna hata mmoja aliyefanya kazi pamoja naye anayeishi bado. Sista kijana alimaliza hivi: kama mama unayakumbuka majina, njoo, na tafadhali usikawie.

Majina ninayo. Sijui kwa nini Mungu alifanya hivyo. Shule yangu iliishia darasa la nne, kuandika huku naandika kwa shida, lakini majina alinijazia. Nikifunga macho naiona kamba ya kuanikia nyuma ya maternite, na kwenye kila nepi namwona mtoto, na kwa kila mtoto naona jina lake, la mama yake, na la baba kama alijitokeza. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe wametawanyika, wengine wamekufa, sina ruhusa yao.

Sasa shida ilikuwa binti yangu. Ninakaa naye, na kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee ya huku. Kitu chochote kinachoweza kumpata mzee, yeye ameshakiona wiki iliyopita.

"Mama, mimi naokota wazee chini kila siku. Sitaki kuja kukuokota wewe Italia."

"Nani kasema nitaanguka?"

"Majira ya baridi ulianguka hapo mbele ya maduka. Umesahau?"

"Barafu ile ilikuwa ya Sweden. Italia hakuna."

"Andika majina, tuyatume kwa posta."

"Niandike nini? Yeye haulizi orodha. Anauliza, yule aliyenyonya kidole kabla hajalia ni nani. Orodha itamjibu hilo?"

Binti aliacha ubishi. Lakini kwake yeye kuacha ubishi si kukubali. Ni kujipanga upya.

Mjukuu alikuwa upande wangu, tena alisema atanisindikiza. Ni msichana wa chuo, anakaa Jakobsberg na wenzake, na kila Jumamosi anakuja kwetu kula. Mama yake akimsemesha Kiswahili anajibu Kiswidi. Mimi nikimsemesha anajitahidi, kwa sababu anajua Kiswidi changu ni cha kufuta vumbi. Jumamosi ile aliegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, akavuta kiti karibu, akasema, "Haya Koko. Tutafute."

Kwanza nilikataa wazo lenyewe la hoteli. Unakwenda kumwona mtu wako, halafu unalala kwa wageni? Kwetu hilo ni tusi, ni kama kumwambia nyumba yako haitoshi. Lakini sista kijana alikuwa ameandika wazi kwamba hawana kitanda cha wageni, vyumba vyote vimejaa wazee. Basi nikakubali. Ila nikasema nitachagua mimi.

Mjukuu akafungua hoteli ya kwanza. Ilikuwa na bwawa la kuogelea na kijana amevaa miwani ya jua.

"Nionyeshe kitanda."

"Angalia bwawa kwanza, Koko, zuri!"

"Mimi nitalala bwawani? Kitanda."

Akanionyesha. Nikamwambia akuze picha. Kitanda kilikuwa na mito ya mapambo saba, ya zambarau.

"Pita."

"Mbona? Inapendeza."

"Ile mito haifuliwi, nakuapia. Nimeishika miaka kumi na minne. Mgeni anakwenda, mwingine anakuja, mto uleule."

Ya pili walikuwa wamepiga picha ya bafu kutoka mbali sana, mlango nusu umefungwa. Mtu asiyekuonyesha bafu lake ana sababu. Pita. Ya tatu zulia ukuta kwa ukuta, na katika pembe moja nikaona kivuli ambacho si kivuli. Pita.

"Koko, wewe ni polisi," mjukuu alisema.

Ya nne haikuwa na kitu. Ninaposema haikuwa na kitu, naisifia. Vyumba tisa tu, kuta nyeupe, kitanda cha chuma, kiti kimoja, dirisha. Lakini mashuka! Nilimnyang'anya simu. Yalikuwa meupe ya zamani, mazito, yale ya pamba ambayo ukiyapiga pasi yanatoa harufu kama ya mkate. Na pembe ya godoro ilikunjwa kama bahasha, kona imekaa sawa, hakuna mkunjo wa uvivu. Ni sista yule aliyenifundisha kukunja pembe hivyo, nikiwa msichana, akinipiga vidole kwa utani kila nilipokosea. Miaka yote ya Stockholm sikuwahi kumwona mwingine anayekunja vile. Halafu picha ya mwisho: paa la nyumba, kamba imefungwa kati ya mabomba mawili ya moshi, mashuka yanakauka juani.

"Hii," nikasema.

"Haina nyota nyingi."

"Nyota za nini? Hawa watu wanaanika juani."

Basi mjukuu akanitembeza mjini ndani ya simu. Sikujua kitu kama hicho kipo. Unasogeza kidole, unapiga hatua. Tuliingia kwa lango la ukuta, lango nene kiasi kwamba ndani yake kuna giza la mchana, na nyasi zimeota juu kati ya mawe kama nywele za mzee masikioni. Njia zilikuwa za mawe yaliyong'aa kwa kukanyagwa. Mjukuu alisoma kwamba watu wamekaa humo miaka mia nane bila kuhama. Mia nane! Mimi nimehama mara tano katika maisha yangu haya. Niliangalia zile nyumba zilivyoegemeana, hakuna iliyonyooka na hakuna iliyoanguka, dirishani maua kwenye makopo ya nyanya, na nikaona haya kwamba nilidhani nitaonea huruma mji wa zamani. Nilikuwa nauonea wivu.

Kutoka mlango wa hoteli tulipita chemchemi, tukapita duka la mkate, kanisa dogo, halafu mlango wa kijani. Ndiyo nyumba ya masista. Na njia yote tambarare.

"Hata magari hayaingii," mjukuu alisema. "Perfekt, Koko."

Ndipo akasoma mstari wa chini kabisa. Vyumba vyote tisa viko kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu. Hakuna lifti. Nyumba ni ya zamani mno, hawaruhusiwi kuvunja ukuta.

Binti yangu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Hakugeuka hata. "Haya," alisema. "Tujaribu. Ngazi za hapa kwetu. Panda mpaka ghorofa ya tatu bila kusimama. Ukifika, nakukatia tiketi mimi mwenyewe."

Nikavaa viatu vya kanisani, vile vya raba chini, nikaanza. Ya kwanza nilipanda kama bibi harusi. Ya pili nikapanda kwa Salamu Maria, sala moja kwa kila ngazi tatu. Kati ya pili na ya tatu goti la kushoto lilikataa. Halikuuma, lilikataa tu, kama punda. Nikakaa kwenye ngazi. Jirani yetu wa juu, mama wa Kifini anayenizidi miaka mitatu, akanipita na mbwa wake, wote wawili wazima, akanisalimia "hej hej". Nilipoinua macho, binti alikuwa amesimama chini ananitazama. Sikutaka anione vile. Hakucheka. Angecheka ningefurahi.

"Basi, mama," alisema. "Tutampigia kwa video."

Tulijaribu video, siwezi kusema hatukujaribu. Sista kijana alishika simu upande wa kule. Nikamwona yule mama. Kumbe amekuwa mdogo hivyo! Yule mwanamke aliyekuwa anaweza kubeba mzazi mikononi kutoka barabarani, sasa anaenea kwenye kiti kama mtoto. Nikaita jina lake. Akatazama simu, akatazama ukuta, akamwambia sista kijana azime televisheni. Nikaita tena. Akasema, zima, wanapiga kelele, mtoto atashtuka.

Nilikwenda chumbani nikakaa. Nilielewa kwamba sauti yangu peke yake haitoshi, lazima anione na mikono yangu, anishike. Na nilielewa kwamba sina muda mwingi, wala yeye.

Mjukuu alikuwa ameandika kwa hoteli mara tatu kupitia simu: je, kuna chumba chochote cha chini? Mara tatu lilirudi jibu moja, maneno yaleyale, asante kwa kutuandikia, vyumba vyetu viko ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne. Alipata hoteli nyingine nje ya ukuta, karibu na kituo cha treni, yenye lifti. Lakini kutoka pale mpaka langoni ni mlima. Binti aliposikia neno mlima alitikisa kichwa tu.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia mjukuu, "Wapigie."

"Nimeandika, Koko. Wamejibu."

"Hakuna mtu aliyejibu. Mashine imejibu. Piga."

Akapiga, akaweka sauti juu. Mwanamke akapokea, anahema, kama ametoka kushuka ngazi. Mjukuu akasema kwa Kifaransa cha shule, maana ukurasa wa hoteli ulisema wanakiongea, habari, tunataka kujua kama mna chumba cha chini. Mama yule akaanza, hapana, samahani, vyumba vyetu vyote...

"Nipe hapa," nikasema. "Unamwomba mtu kitu hujamwuliza ameamkaje?"

"Koko, hawafanyi hivyo..."

Nikachukua simu. Kifaransa changu ni cha kuokota, nilikiokota kwa masista, lakini kinasimama.

"Mama, bonjour. Mmeamkaje huko?"

"Nani anaongea?"

"Ni mama mzee wa Stockholm. Mmeamka salama? Watoto hawajambo?"

"Watoto..." Akacheka kidogo, kama mtu asiyejua anachekea nini. "Hawajambo. Mmoja yuko Ujerumani."

"Ee, wanakwenda mbali hao. Wangu mmoja yuko Kanada. Na mzee wa nyumba?"

"Yupo. Anatengeneza bomba."

"Mungu ampe nguvu. Na wewe nimekukuta kwenye kazi gani?"

"Nilikuwa juu paani. Naanua mashuka."

Mjukuu wangu alikuwa ameshika mto wa kochi amejifunika uso.

"Nimeyaona hayo mashuka," nikamwambia. "Nani anayapiga pasi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na pembe ya godoro, nani anaikunja?"

"Mimi. Mama yangu alinifundisha."

"Basi mama yako ni mtu kweli. Nimefanya kazi ya hoteli miaka kumi na minne, ninajua ninachosema. Yeye hajambo?"

 Akasema mama yake alifariki mwezi wa kumi na moja.

Nikampa pole. Si ile pole ya kupita. Nilimwuliza aliugua nini, na muda gani, na nani alikuwa karibu saa ile, na walimzika wapi. Akanieleza yote. Hakuna aliyekuwa amemwuliza tangu mazishi, alisema, wageni wanauliza tu saa ya kifungua kinywa. Nikamwuliza mama yake aliitwa nani. Akaniambia, akalitaja mara mbili. Jina hilo sasa ninalo pia.

Sikumwomba chumba. Nataka hilo lijulikane. Ni yeye aliyeuliza mwisho, "Na wewe mama, ulikuwa unataka kuja kwetu kufanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za sista, na maternite, na majina, na goti langu.

"Mlango wa kijani?" akasema. "Yule mzee wa dirishani? Ninapita hapo kila asubuhi nikienda kununua mkate. Huwa ananiuliza mtoto wangu ana uzito gani. Mtoto wangu ana miaka arobaini."

Tukacheka wote wawili. Halafu nikasikia kengele huko nyuma yake, kengele ya kweli, ya lile kanisa dogo ambalo mpaka saa ile nilikuwa nimeliona kwenye picha tu.

"Kuna chumba cha mama," akasema. "Kiko chini, karibu na jiko. Hakimo kwenye picha. Sijakipa mgeni yeyote. Saa kumi na moja asubuhi utasikia nachemsha kahawa, na dirisha linaangalia uani, kuna baiskeli na kuku wawili."

"Kuku wataniamsha vizuri."

"Vitanda viko viwili. Mimi nilikuwa nalala pale naye mwisho mwisho."

"Mama, usikifungue kwa sababu yangu kama moyo haujakuwa tayari."

"Nitatandika leo," akasema. "Nikitandika nitajua kama niko tayari."

Huyo ni mtu ambaye sijawahi kumwona. Nimekutana na wengi wa kufungua milango katika maisha haya, kwenye mipaka na kwenye ofisi, na waliofungua bila kuombwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yeye nilimweka hapo siku ileile.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka zamu, bado na koti, kiatu kimoja mkononi. Sijui amesimama hapo tangu lini. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Nilifikiri anaizima.

"Madame," alisema kwa Kifaransa, kile cha shule ya masista, ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwake tangu tumefika nchi hii. "Mimi ni binti yake. Bafuni kuna vishikio?"

Upande wa pili yule mama alianza kumweleza. Mama yake alikuwa na magoti mabaya miaka kumi. Vishikio viko kila ukuta, hata karibu na kitanda. Sakafu haitelezi. Mlangoni kuna ngazi moja tu, na mume wake ameiwekea mteremko wa mbao. Binti alikuwa anauliza kama daktari: kimo cha choo, upana wa mlango, taa ya usiku. Kila jibu lilimkuta na swali jingine, na kila swali sauti yake ilikuwa inapungua ukali. Mwisho akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na kitanda cha tatu, kinaweza kuenea?"

Mjukuu akatoa mto usoni. "Mamma?"

Yule mama alijibu kwamba kinaenea, cha kukunja, kikiwekwa chini ya dirisha. Binti akashukuru, akamwambia watamwandikia siku ya kufika, itakuwa baada ya Pasaka, na kabla ya kukata simu akasita, akasema, "Na pole sana kwa mama."

Akakaa. Akavua kile kiatu kingine. Mimi nilikuwa naogopa hata kupumua, asije akabadilika.

"Kitanda cha tatu cha nani?" nikauliza, kama vile sijui.

"Changu. Nitaomba likizo kesho." Akanitazama kwa lile jicho la kazini. "Na nitalala karibu na mlango. Mimi nakujua wewe. Saa kumi na moja utanyata kwenda jikoni kumpigia yule mama pasi."